Soda, sare au mahamri: ukate wapi ili upate cha kutoa sadaka?

Tuanze na hesabu. Kaya isiyo na ajira ya mshahara, ikipangiwa kiwango cha chini kabisa cha bima ya afya ya SHA (mamlaka ya serikali ya Kenya), hutakiwa kutoa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Anayeweka shilingi 10 kila siku, mwaka ukigeuka ana 3,650. Sarafu moja kwa siku yatosha kuikatia bima nyumba ya bibi anayelea wajukuu pale Langoni, mtaa wa hapa kwetu Lamu, na hamsini ikabaki. Kiwango chenyewe mtu hajichagulii. Huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake ndipo akapangiwa. Kwa hivyo kabla hujamuahidi mtu, msajilini kwanza kwa *147#, kitambulisho chake kikiwa mkononi, muone amepangiwa ngapi.

Hiyo 3,600 ndiyo pishi nitakayopimia kila tabia hapa chini.

Watu wa Amu, yaani Lamu, hawahitaji kufundishwa kutoa. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari huzunguka mitaani mpaka hujui ipi ilitoka kwako na ipi imekuja. Kazi iko kwenye miezi mingine kumi na moja, wakati sadaka inatoka mfuko uleule wa karo, umeme na samaki. Lazima kitu kipunguzwe. Na kinachopunguzwa kwanza huwa ni kile kilicho karibu na mkono: mahamri ya asubuhi, kikombe cha kahawa, mashua ya kwenda Shela. Hapo ndipo nina ubishi.

Wengi wanapolinganisha njia za kubana matumizi huuliza mambo mawili: nitaokoa kiasi gani, na nitaweza kuendelea mpaka lini? Katika mji mdogo kama wetu kuna la tatu, nalo kwangu ndilo la kwanza: nikikata hapa, nani anakosa?

Mahamri na soda

Bei nitakazotaja ni za mfano. Weka za mtaa wako. Tuseme asubuhi unanunua mahamri manne ya kumi-kumi na mbaazi za 30. Jumla 70. Ukipika nyumbani, ukihesabu unga, sukari, nazi, iliki, mafuta na moto, nyumba yenye watu wengi inaweza kuokoa 30 kwa siku. Mwaka mzima ni 10,950, bima ya kaya tatu. Kwenye karatasi hakuna njia nyepesi inayoishinda hiyo. (Kwa anayeishi peke yake haishindi chochote. Kukanda unga wa mtu mmoja ni hasara ya mafuta.)

Sasa mtazame anayekosa. Ni mama aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri kuumua unga, na mara nyingi nyumba yake ni mojawapo ya zile ambazo ungezipelekea sadaka. Siku ya tatu ukipita bila kununua atakuita:

"Mwanangu, siku hizi hunipitii. Nimekukosea nini?"

"Hapana, mamangu. Nabana pesa kidogo."

"Haya, Mungu akusahilishie."

Hapo umemnyima riziki aliyoitolea jasho ili umrudishie Ramadhani kwa mfuko wa kilo mbili za unga, na juu yake akushukuru. Nionavyo mimi, mahamri ya jirani yasiguswe. Kama ni lazima upunguze, nunua mawili badala ya manne, lakini usimruke.

Soda ni habari nyingine. Chupa ya shilingi 50, siku moja ndiyo siku moja siyo, ni zaidi ya 9,000 kwa mwaka, bima mbili na nusu. Mwenye duka anakosa faida ya shilingi chache kwa chupa, na zilizobaki zingepanda mashua kwenda Mokowe ng'ambo ya bara, kisha Mombasa na mbele zaidi, zisirudi. Kuiacha si kugumu kama watu wanavyodai, maana wengi hunywa soda kwa sababu wamekaa dukani wakingoja mtu. Ila usiibadilishe kwa dafu la kila siku ukadhani umeokoa. Dafu ni zuri, na mkwezi wake ni wa hapa, lakini bei zake hazipishani sana na soda. Maji ya ndimu au ukwaju wa nyumbani ndiyo yanayobakisha kitu. Na chupa za plastiki zitapungua ufukweni, japo Amu tulishaonyesha kuwa taka hizo zina kazi: jahazi la Flipflopi liliundwa hapa kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa majini mwaka 2018, na malighafi haikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Mtu anaweza kunirudi kwamba hata unga wa mahamri hutoka bara. Ni kweli. Kisiwani karibu kila kitu kimevuka maji. Ninachotazama ni kazi iliyoongezwa hapa: kukanda, kukaanga, kukwea, kushona, kubeba. Penye kazi hiyo mkono wangu ni mzito kukata.

Kahawa tungu naiweka upande wa mahamri, tena kwa sababu ya ziada. Vikombe viwili vya kumi-kumi ni 7,300 kwa mwaka, fedha ya kutosha. Lakini pale barazani kwenye dele la kahawa ndipo unaposikia nani amelazwa hospitali ya King Fahd, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo, nyumba gani paa limevuja. Asiyekaa barazani ataokoa sarafu zake, na zikijaa hatajua pa kuzipeleka.

Mashua ya Shela: maji yakitoka, tembea pwani, ni kama dakika 40. Yakijaa, panda. Manahodha nao wana watoto.

Ada za simu

Hapa ndipo ningeanzia mtu yeyote, kwa sababu hakuna starehe inayopotea. Ukichukua Okoa Jahazi ya 50, yaani mkopo wa salio wa Safaricom, unapata 45. Asilimia 10 imekwenda. Anayekopa hivyo kila siku analipa 1,825 kwa mwaka, nusu ya bima ya kaya nzima, kwa mazungumzo yaleyale ambayo angeyanunua kwa bei yake kama angeweka salio jana yake. Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza 2019, una asilimia 1 ya kuingilia, na kuanzia mikopo ya zaidi ya shilingi 100 kuna pia ada ya kila siku mpaka deni liishe. Mambo ya riba waulize mashekhe wako. Mimi hapa nahesabu shilingi tu.

Mlo ni uleule, wala hakuna jirani atakayekuuliza kwa nini humpitii. Kasoro yake ni kwamba pesa uliyookoa huioni. Soda uliyoiacha unajua ni sarafu ngapi ziko mfukoni. Ada usiyolipa haiko popote, na jioni utakuwa umeshaila. Dawa yake: siku ileile unayonunua salio kwa pesa yako badala ya kukopa, chomoa ile tano uitie kibubuni papo hapo. Usingoje mwisho wa mwezi, kwani mwisho wa mwezi hautakuta kitu.

Na wakati wa kutoa, kuna mawili ya kujua. Kutuma shilingi 100 au chini yake kwa M-Pesa hakuna ada, kwa hivyo mia moja kila Ijumaa humfikia mtu ikiwa kamili. Na akiitumia kulipa dukani kwa till, namba ya malipo ya duka, badala ya kuitoa kwa wakala, yeye halipi ada.

Sare za harusi

Akina baba wanaweza kuruka sehemu hii, ingawa wao ndio huwa wanalipa.

Baada ya Mfungo harusi hufuatana, na kila harusi ina siku zake: hina, nikaha, kupamba. Siku moja kati ya hizo, na nyumba nyingine zaidi ya moja, ina sare. Tuseme kitambaa 1,500 na fundi 800. Sare moja ni 2,300. Tatu katika msimu ni 6,900, karibu bima za kaya mbili, kwa nguo ambazo nyingi zitavaliwa mara moja kisha zikae kabatini kwa sababu kila mtu ameshaziona.

Ugumu wake si wa kiu kama soda. Ni wa uso. Usipovaa sare, picha zikitoka, utaonekana kama aliyepita njia. Na hapa kuna tofauti kubwa kati ya kuamua peke yako na kuamua kwa pamoja. Mmoja akisema hashoni, ni bakhili. Kikundi kikikubaliana kwamba mwaka huu ni sare moja kwa harusi zote za ukoo, au ni leso tu badala ya gauni, huo ni utaratibu, na watakaoshukuru kimoyomoyo ni wengi kuliko watakaonuna. Kwa hivyo usilipeleke jambo hili kwa bibi harusi. Lipeleke kwa shangazi anayesikilizwa, kabla kitambaa hakijachaguliwa.

Fundi je? Yeye atakosa, na fundi ni wa hapa. Ndiyo maana napendelea kukata kitambaa kuliko ushonaji. Gauni la mwaka jana mpelekee alipunguze mikono, aliongeze ukosi, alibadili umbo. Atapata ujira wake, na ile 1,500 ya kitambaa kilichotoka mbali itabaki kwako.

Muguka (majani ya kutafuna), sigara, kubeti

Kwa hesabu, hawa ndio mafahali. Mia moja kwa siku ni 36,500 kwa mwaka, bima za kaya kumi, na pesa hizo huelekea Embu, Meru, viwandani, au kwenye kampuni ambazo hata mlango wake hujawahi kuuona. Ukiweza kuacha, acha leo. Lakini usimuahidi yatima pesa ya tabia ambayo bado unapigana nayo, maana siku utakayoshindwa na yeye atakosa. Anza ahadi kwa soda au ada za simu, na cha muguka kikipatikana kiwe ziada.

Kununua kwa pamoja

Nyumba tano zikichanga gunia la mchele la kilo 50 kabla ya Mfungo, likabebwa na punda kwa safari moja, kuna kinachobaki. Si kikubwa, na hakiji kila siku. Mchele ukikaa sana hufanya wadudu, na maneno ya wakati wa kugawana nayo yana gharama yake. Nimeitaja kwa sababu itaulizwa.

Kwa wanaopenda kuona kwa jicho moja:

| Tabia (mfano) | Kwa mwaka | Anayekosa | Ugumu |
|---|---|---|---|
| Mahamri na mbaazi, kupika nyumbani | 10,950 | Mama jirani | Wastani |
| Kahawa, vikombe 2 kwa siku | 7,300 | Muuza kahawa, na habari za mtaa | Mdogo |
| Soda, siku moja kwa nyingine | 9,000 na ushei | Duka kidogo, kiwanda zaidi | Mdogo |
| Okoa Jahazi ya 50 kila siku | 1,825 | Kampuni | Mdogo sana |
| Sare tatu | 6,900 | Muuza kitambaa, fundi kiasi | Mkubwa ukiwa peke yako |
| Muguka wa 100 kwa siku | 36,500 | Mkulima wa mbali, muuzaji wa hapa | Mkubwa kabisa |

Pesa ikae wapi?

Kukata ni nusu ya kazi. Shilingi isiyotengwa siku ileile hugeuka bando, viazi karai, au mkopo wa binamu.

Kibubu cha mbao cha seremala, kile kisicho na mlango mpaka kivunjwe, bado kinashinda kwa familia. Watoto wanakiona, wanakitikisa, wanauliza. Ubaya wake ni wizi, na kwamba pesa iliyofichwa haisikii habari. Mwaka 2019 noti za zamani za 1,000 zilipewa muda wa kubadilishwa mpaka 30 Septemba. Iliyosahaulika ndani ya kisanduku baada ya siku hiyo ilikuwa karatasi. Kibubu kiwe cha sarafu na noti ndogo, na kisikae zaidi ya mwaka bila kufunguliwa.

Simu ni salama zaidi kwa wizi wa mlangoni, lakini si salama kwa mwenyewe. Ukiwa na deni la Fuliza, kitakachoingia kwenye laini hiyo kitamezwa kwanza na deni, hata kama moyoni ulikiita sadaka. M-Shwari, huduma ya akiba ya kwenye M-Pesa iliyoanza 2012, ina akaunti ya kufungia inayozuia mkono wako kwa miezi unayochagua, na hutoa faida ya riba, jambo ambalo Waislamu wengi hawalitaki kwenye pesa ya aina yoyote, sembuse ya sadaka. Anayetaka benki anaweza kutafuta inayofuata sharia, kama Gulf African iliyofunguliwa 2008. Kwa kiasi cha sarafu kumi kwa siku, benki ni safari ndefu kwa mzigo mdogo.

Mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, ndio ninaoupenda kwa akina mama wa sare. Watu kumi, mia mbili kila wiki, na badala ya zamu kumi mnaweka kumi na moja. Zamu ya kumi na moja haina mwenyewe: ni 2,000 za sadaka. Mizunguko miwili, 4,000, bima moja na chenji. Nguvu yake ni ile aibu njema ya kutotaka kuwa wa kwanza kukosa. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu anajua nani kapewa. Kur'ani, katika Al-Baqara aya ya 271, inasifu sadaka ya wazi na kusema ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Basi kikundi kimchague mtu mmoja mwaminifu wa kupeleka, naye asirudi na jina. Mzozo wa nani apewe umalizwe kabla zamu ya kwanza haijalipwa, maana pesa zikiwa mezani kila mtu ana shangazi mgonjwa.

Kiasi maalumu au fungu?

Mwalimu au mfanyakazi wa kaunti ana tarehe ya mshahara. Huyo achague kiasi, akitoe siku hiyohiyo, amalize. Kwake yeye kukata ada za simu na soda kunatosha kabisa kufikia 3,600, na hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Mvuvi, nahodha wa watalii, mbeba mizigo gatini, hawa hawana mwezi. Kaskazi ikivuma bahari iko wazi na pesa inaingia. Kusi ikikaza kuna wiki ambazo ngalawa haitoki, na wageni nao hupungua Mei na Juni. Kumpangia mtu kama huyo shilingi 10 kila siku ni kumfanya awe mdeni wa sadaka yake mwenyewe. Afadhali fungu: kila anapouza samaki, moja kati ya ishirini, au kati ya arobaini kama watoto ni wengi. Siku ya mkono mtupu hadaiwi kitu. Wenzetu Wakristo wa upande wa Mpeketoni hawana haja ya kuelezwa, maana fungu la kumi wamelizoea.

Kuna hadithi mashuhuri, Bukhari na Muslim wote wameipokea, kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile za kudumu hata zikiwa kidogo. Kudumu kwa mvuvi si kutoa kila siku. Ni kutokosa fungu kila anapopata.

Kisha usichanganye kibubu hiki na zaka. Zaka ya mali ina kiwango chake, asilimia 2.5 kwa aliyefikisha nisabu na mwaka ukapita, na zaka ya fitri ina pishi yake. Zote mbili ni deni. Ukizilipa kwa sarafu ulizokwisha kumuahidi bibi wa Langoni, umelipa kwa mali ya mtu. Na maziwa ya mtoto yasiingie kabisa kwenye orodha ya vya kukatwa. Tumeagizwa tuanze na tunaowalea.

Nikiulizwa na mtu asiyejua aanzie wapi, namwambia Okoa Jahazi wiki hii, soda wiki ijayo, sare azungumze na shangazi kabla ya Shaabani. Mahamri aendelee kununua, na akiwa na haraka asisahau kumwambia yule mama abaki na chenji.